Kutoka Kibabii hadi mahakamani: Njia ndefu ya wakili wa haki za binadamu

MWANAFUNZI wa shule ya upili katika eneo la Kibabii, nje kidogo ya mji wa Bungoma, anayemweleza mwalimu wake kwamba anataka kuwa wakili wa haki za binadamu, kwa kawaida hupewa jibu moja: atie bidii katika lugha, asome magazeti, apate alama nzuri. Jibu hilo si baya. Hata hivyo, limeacha nje jambo ambalo wakazi wa Bungoma na Trans Nzoia walilifahamu kwa gharama kubwa, nalo ni kwamba kesi ya haki za binadamu yaweza kuwa na mashahidi, makovu na ripoti za madaktari, na bado ikaanguka kwa sababu ya kalenda.

Asubuhi isiyo na mawingu Mlima Elgon huonekana kutoka Kibabii, upande wa kaskazini. Katika miteremko ya mlima huo, kati ya mwaka wa 2006 na 2008, kulitokea maafa ambayo hadi leo ndiyo darasa kubwa zaidi la sheria ya haki za binadamu kuwahi kufunguliwa magharibi mwa Kenya. Anayetaka kujua kazi ya wakili wa aina hiyo ni ipi, na inamtaka mtu ajiandae vipi, hana haja ya kuanzia Geneva wala New York. Aanzie Chebyuk.

Chimbuko lilikuwa ardhi. Mpango wa makazi wa Chebyuk ulianza mwaka wa 1971, serikali ilipokuwa ikiwahamisha watu kutoka Chepkitale, sehemu ya juu ya mlima, na kuwapa mashamba huku chini. Ugawaji ulirudiwa kwa awamu, na kila awamu iliacha kundi lililohisi limenyang'anywa. Utekelezaji wa awamu ya tatu katikati ya miaka ya 2000 ndio uliozua kundi la wapiganaji waliojiita Sabaot Land Defence Force, au SLDF kama lilivyozoeleka kuitwa. Kundi hilo liliua, likateka nyara, likatoza watu kodi kwa nguvu na kuwakata masikio waliolikaidi. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria mwaka wa 2008 kwamba zaidi ya watu 600 walikuwa wameuawa na wapiganaji hao. Maelfu ya wengine walihama makwao na kukimbilia Bungoma na Trans Nzoia.

Mnamo Machi 2008 serikali ilituma jeshi katika operesheni iliyopewa jina la Okoa Maisha. Wanaume na vijana walikamatwa kwa mamia na kupelekwa katika kambi ya Kapkota kuchujwa, ili wapiganaji watenganishwe na raia. Mnamo Mei mwaka huo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti iliyowalaumu wanajeshi kwa kuwatesa waliokamatwa. Serikali ilizikana tuhuma hizo. Mwezi huohuo kiongozi wa SLDF, Wycliffe Matakwei, aliuawa na kundi lake likasambaratika. Mlima ulitulia, lakini ripoti nyingine ya Human Rights Watch, ya mwaka wa 2011, ilizungumzia zaidi ya watu 300 waliotoweka, baadhi mikononi mwa wapiganaji na wengine mikononi mwa vikosi vya usalama.

Hapo ndipo kazi ya mawakili ilipoanza.

Miezi miwili ya Arusha

Shirika la IMLU, linalowaunganisha madaktari na mawakili katika kuwahudumia walioteswa, lilikusanya taarifa za waathiriwa na kupeleka mashtaka katika Mahakama ya Afrika Mashariki jijini Arusha. Hiyo ilikuwa kesi nambari 3 ya mwaka wa 2010, na mshtakiwa mkuu alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Kenya. Madai yalikuwa mazito: kwamba zaidi ya wakazi 3,000 wa Mlima Elgon walikuwa wameuawa, kuteswa au kutendewa unyama na maajenti wa serikali, na kwamba Kenya haikuchukua hatua ya kuzuia, kuchunguza wala kuwaadhibu waliohusika.

Arusha ilichaguliwa kwa sababu inayoeleweka. Mahakama hiyo iliundwa na Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka wa 1999, na raia wa nchi mwanachama anaweza kuishtaki serikali yake huko bila kulazimika kwanza kumaliza ngazi zote za mahakama za nyumbani. Kweli, Mkataba haujaipa mahakama hiyo mamlaka kamili juu ya haki za binadamu. Jambo hilo liliachiwa itifaki ya baadaye. Lakini mnamo Novemba 2007, katika kesi ya Katabazi iliyohusu washukiwa waliokamatwa tena na wanajeshi wa Uganda baada ya kupewa dhamana, majaji walisema hawatakwepa wajibu wao wa kutafsiri Mkataba kwa sababu tu malalamiko yanataja haki za binadamu. Mlango ulikuwa umefunguka kidogo, na mawakili wa Kenya wakauingia.

Mnamo Juni 29, 2011, majaji wa ngazi ya kwanza waliyatupilia mbali mapingamizi ya serikali na kuruhusu kesi iendelee. Bungoma kulikuwa na matumaini. Serikali ikakata rufaa.

Kiini cha rufaa hiyo kilikuwa sentensi moja ya Mkataba, Kifungu cha 30, aya ya pili. Inasema mlalamishi sharti afike mahakamani katika muda wa miezi miwili tangu kitendo kifanyike, au tangu yeye akifahamu. Mawakili wa waathiriwa walijibu kwamba kutochunguza mateso si tukio la siku moja bali ni kosa linaloendelea kila siku ambayo serikali inakaa kimya. Hoja hiyo si ya kubuni. Inatambulika katika sheria ya kimataifa na imeshinda katika mahakama nyingine. Mnamo Machi 15, 2012, majaji wa rufaa waliikataa. Walisema Mkataba hautambui ukiukaji unaoendelea, wala hauwapi majaji uwezo wa kuongeza muda. Matendo yalikuwa ya 2006 hadi 2008, nayo kesi ilikuwa ya 2010. Ikafutwa.

Hakuna jaji aliyesema kwamba watu hawakuteswa. Swali hilo halikufikiwa kamwe.

Kuna watakaosema mahakama ilikuwa na roho ngumu, na katika jambo hili si rahisi kuwapinga. Mtu aliyetoka Kapkota akiwa na mbavu zilizovunjika hawezi kutazamiwa kuutafuta Mkataba wa Arusha, kuusoma na kupata wakili kabla ya siku 60 kuisha. Lakini sheria iliandikwa hivyo, na marais waliotia saini Mkataba huo ndio waliokubali iandikwe hivyo. Kwa mwanafunzi wa Kibabii funzo ni la kazi zaidi kuliko la hisia: kila mlango wa haki una saa yake, na wakili asiyejua saa hiyo ni kama fundi asiye na kipimo.

Saa hizo hazifanani. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Banjul, Gambia, haitaji miezi. Inadai malalamiko yafikishwe katika muda ufaao baada ya njia za nyumbani kumalizika. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo ina makao yake papo hapo Arusha, jambo linalowachanganya wengi, lakini Mkenya hawezi kuiendea moja kwa moja kwa kuwa Kenya haijatoa tamko la kuwaruhusu watu binafsi kufanya hivyo. Kesi ya Waogiek wa msitu wa Mau, walioishinda serikali ya Kenya mnamo Mei 2017, ilifika katika mahakama hiyo kwa kupitia Banjul.

Na nyumbani? Hapa mambo ni tofauti kabisa. Mahakama za Kenya zimewalipa fidia watu wengi walioteswa katika vyumba vya chini vya jumba la Nyayo miaka ya 1980 na 1990, ingawa walifungua kesi zao miaka mingi baadaye. Mwaka wa 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwa manufaa ya akina mama waliopigwa na polisi katika bustani ya Uhuru mwaka wa 1992 walipokuwa wakidai wana wao wafungwa wa kisiasa waachiliwe. Takriban miongo miwili ilikuwa imepita kabla ya akina mama hao kwenda kortini. Majaji bado huuliza sababu ya kuchelewa, lakini hawafungi mlango kwa siku 60. Huenda basi njia iliyoonekana ndefu, ile ya Mahakama Kuu pale Bungoma au Kitale, ndiyo ingekuwa fupi.

Kinachotakiwa darasani

Turudi kwa mwanafunzi. Kanuni za elimu ya sheria nchini zinamtaka anayeingia shahada ya sheria moja kwa moja kutoka kidato cha nne awe na wastani wa alama ya C+ katika mtihani wa KCSE, pamoja na B katika Kiingereza au Kiswahili. Wasomaji wa ukurasa huu watafurahia neno hilo "au". Wazazi wengi hudhani Kiingereza pekee ndicho kinachohesabiwa, na watoto waliofanya vyema katika Kiswahili wakapelekwa kusomea mambo mengine. Kundi la mwisho la wanafunzi wa mfumo wa 8-4-4 linatarajiwa kufanya KCSE mwaka wa 2027. Baada yao watakuja wale wa mtaala mpya, ambao mkondo wao wa karibu na sheria ni ule wa sayansi ya jamii katika shule ya upili ya juu.

Kibabii yenyewe ni mji wa elimu. Shule ya upili ya St Mary's Kibabii imewafunza vijana wa eneo hilo kwa miongo mingi, na Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichoanza kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Masinde Muliro mwaka wa 2011, kilipata hati ya kujitegemea mwaka wa 2015. Hata hivyo, kwa mwanafunzi wa sheria safari imezoea kuanzia mbali kidogo, na wengi kutoka Bungoma na Kitale wameelekea Eldoret, ambako Chuo Kikuu cha Moi kimefunza sheria tangu miaka ya 1990, au Kisumu na Nairobi. Wengine huvuka mpaka wa Malaba na kusomea Makerere.

Shahada huchukua miaka minne. Inayofuata ni hatua ambayo familia nyingi huwa hazijaifanyia hesabu: Chuo cha Mafunzo ya Sheria cha Kenya kilichoko Karen, Nairobi. Bila kupitia hapo, mwenye shahada ya sheria si wakili. Mitihani yake hutungwa na Baraza la Elimu ya Sheria, na idadi ya wanaoanguka imekuwa kubwa kiasi cha kuwa mjadala wa kila mara magazetini. Mwanafunzi hulipa karo, hulipa nyumba Nairobi, na kama ameanguka somo moja hulipa tena. Isitoshe, lazima akae miezi sita ya mafunzo ya kazi chini ya wakili mwenye uzoefu wa angalau miaka mitano, na ni jambo la kawaida kwa kipindi hicho kulipwa kidogo sana au kutolipwa kabisa. Ni baada ya hayo yote ndipo jina lake huandikwa katika orodha ya mawakili na kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu.

Ukijumlisha, kijana aliyemaliza kidato cha nne akiwa na miaka 18 huenda akawa wakili akiwa na miaka 25, mambo yakienda sawa. Mara nyingi hayaendi sawa. Mtoto wa mkulima wa miwa, katika nchi ambako kiwanda cha Nzoia kimewahi kuwakalisha wakulima bila malipo kwa muda mrefu, husimama njiani mara mbili au tatu kutafuta karo.

Somo la haki za binadamu lenyewe hufunzwa katika shahada, na kuna njia za kulizamia zaidi. Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini, kimeandaa tangu mwaka wa 1992 mashindano ya kesi za kuigiza ambayo huwakutanisha wanafunzi wa sheria kutoka vyuo vya bara zima. Wanapewa kisa cha kubuni na kukijadili kana kwamba wako mbele ya mahakama ya Afrika. Chuo hichohicho kilianzisha mwaka wa 2000 shahada ya uzamili ya haki za binadamu na demokrasia, na wanafunzi wake hupelekwa kusoma muhula mmoja katika vyuo vingine vya Afrika. Mashindano ya namna hiyo yana faida, maana ndipo mwanafunzi hufundishwa kuanza na swali la mamlaka na muda kabla ya kufikia machozi ya mteja.

Lakini kuna mambo ambayo chuo hakifundishi vya kutosha, na mlima uliyafundisha. La kwanza ni ushahidi wa mwili. Nchini Kenya aliyejeruhiwa hupewa fomu ya P3, ambayo hutoka kituo cha polisi na kujazwa na daktari. Ikiwa anayeshukiwa ni polisi au askari, mwathiriwa anaombwa kwenda kuchukua karatasi kwa watu walewale anaowaogopa. Ndiyo maana wakili mwenye ujuzi humtafuta mapema daktari anayeufahamu mwongozo wa Istanbul, ule wa Umoja wa Mataifa wa mwaka wa 1999 uliofanyiwa marekebisho mwaka wa 2022, unaoeleza jinsi ya kukagua na kuandika alama za mateso. Kovu la kamba kwenye kifundo cha mkono hubadilika wiki baada ya wiki. Picha iliyopigwa siku ya tatu ina thamani ambayo maelezo ya miaka mitatu baadaye hayawezi kuifikia.

La pili ni lugha. Waathiriwa wengi wa mlimani huzungumza Kisabaot. Wakili wa Kibabii aliyekulia katika Kibukusu atahitaji mkalimani, na katika eneo ambalo jirani alimchongea jirani, si kila mkalimani anaaminika. Mama aliyenajisiwa hatamweleza mpwa wa chifu. Hati ya kiapo iliyoandikwa kwa Kiingereza, ikatiwa kidole gumba na mtu asiyekisoma, ni zawadi kwa wakili wa upande wa pili, ambaye ataitumia kumwaibisha shahidi mchana kweupe.

La tatu ni hatari. Mnamo Machi 2009 Oscar Kamau King'ara, wakili na mkuu wa shirika lililokuwa likichunguza mauaji yanayohusishwa na polisi, alipigwa risasi jijini Nairobi pamoja na mwenzake, John Paul Oulu. Mwaka wa 2016 wakili Willie Kimani aliuawa pamoja na mteja wake Josephat Mwendwa, aliyekuwa amemshtaki afisa wa polisi, na dereva wao Joseph Muiruri. Katika kesi hiyo ya pili haki ilifika: maafisa watatu wa polisi na raia mmoja walipatikana na hatia mwaka wa 2022, na hukumu ikatolewa Februari 2023. Mzazi anayesita mwanawe anapotaja haki za binadamu ana sababu.

Meza mbili za utumishi

Eneo hili limewahi kutoa watu wa utumishi wa umma, na si wote walikuwa mawakili. Masinde Muliro, mzaliwa wa Kimilili, alisomea Chuo Kikuu cha Cape Town, akarudi kuwa mwalimu na mnamo 1957 akawa miongoni mwa Waafrika wanane wa kwanza kuchaguliwa katika baraza la kutunga sheria la kikoloni. Mwaka wa 1991 alikuwa mstari wa mbele katika chama cha FORD kilichopigania mfumo wa vyama vingi, na akafariki mnamo Agosti 1992 kabla ya uchaguzi aliokuwa ameupigania. Michael Kijana Wamalwa, aliyewakilisha Saboti huko Kitale na kufariki Agosti 2003 akiwa Makamu wa Rais, alisomea sheria Cambridge, Uingereza, kisha akafundisha sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Kizazi chao kilisomea mbali kwa lazima: kitivo cha kwanza cha sheria Afrika Mashariki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka wa 1961, na cha Nairobi kikafuata mwaka wa 1970.

Kisa chenye mengi zaidi ya kumfunza mwanafunzi ni cha jirani wa kaunti ya Busia. Amos Wako, aliyesomea sheria Dar es Salaam, aliteuliwa mwaka wa 1982 na Umoja wa Mataifa kuwa mchunguzi maalum wa mauaji ya kiholela duniani. Hakuna Mkenya aliyekuwa amepewa kazi nzito kama hiyo katika nyanja ya haki za binadamu. Mwaka wa 1991 akawa Mwanasheria Mkuu wa Kenya, na akakaa katika kiti hicho miaka 20. Mnamo Februari 2009 aliyekuwa akishikilia wadhifa uleule wa Umoja wa Mataifa, Profesa Philip Alston, alikuja Kenya kuchunguza mauaji yaliyohusishwa na polisi na yale ya Mlima Elgon. Alipomaliza alipendekeza kwamba Wako aondoke ofisini, akimlaumu kwa kutowafungulia mashtaka wahusika. Wako aliyapinga madai hayo, na hakuondoka hadi 2011.

Jambo hilo hulifungua swali ambalo wanafunzi hawaulizwi wanapojaza fomu za kuchagua kozi. Katika kesi ya Arusha kulikuwa na meza mbili za mawakili. Aliyesimama kusema kwamba miezi miwili imepita alikuwa mtumishi wa umma, amesoma vitabu vilevile, na alikuwa akifanya kazi halali ya kumtetea mteja wake, ambaye ni serikali. "Sheria ya haki za binadamu" na "utumishi wa umma" hutajwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja. Mara nyingine vinaketi vikitazamana.

Kuna nafasi, hata hivyo, ambako vinakutana. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, iliyoanza kazi mwaka wa 2003 na sasa kutambuliwa na Kifungu cha 59 cha Katiba, ina ofisi Kitale. Inaweza kupokea malalamiko, kuwaita mashahidi na kwenda mahakamani, ingawa haina uwezo wa kufungua mashtaka ya jinai. Huo ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye naye huajiri mawakili katika kaunti. Mamlaka ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi huchunguza makosa ya polisi, lakini sheria yake haigusi jeshi, pengo ambalo mtu wa mlimani hulitambua haraka. Sheria ya mwaka wa 2016 iliunda huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria na kuwatambua wasaidizi wa kisheria, watu wasio mawakili waliopata mafunzo ya kuwaongoza wananchi. Kwa kijana ambaye bado anatafuta karo ya Karen, kazi hiyo ni mahali pa kuanzia, na mara nyingi msaidizi wa kijijini hujua kisa kuliko wakili atakayekuja baadaye kukisoma kwenye faili. Mjini Bungoma kwenyewe shirika la Mwatikho limekuwa likiwahudumia walionusurika mateso.

Katiba ya 2010 imerahisisha mengi. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu yeyote kudai haki mahakamani, kwa niaba yake au ya mwingine asiyeweza, na kinataka masharti ya kufungua kesi yawe machache. Kanuni zilizotolewa mwaka wa 2013 zinakubali hata barua. Kifungu cha 25 kinasema uhuru dhidi ya mateso hauwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote, na Sheria ya Kuzuia Mateso ya mwaka wa 2017 ikaweka adhabu. Aliyekamatwa mwaka wa 2008 hakuwa na silaha hizi.

Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyowasikiliza watu wa Mlima Elgon mwaka wa 2011 na kukabidhiwa Rais mnamo Mei 2013, ilipendekeza fidia. Mwaka wa 2015 serikali ilitangaza hazina ya Sh10 bilioni kwa waathiriwa wa dhuluma za kihistoria. Familia zilisubiri, na miaka ikapita.

Kazi iliyobaki kwa wakili kijana, basi, huenda isiwe ya kusimama mbele ya majaji wa Arusha. Ni ya mke ambaye mumewe alichukuliwa mwaka wa 2008 na hajaonekana tena. Hana cheti cha kifo kwa kuwa hakuna maiti. Bila cheti hicho hawezi kuanza kesi ya mirathi, shamba linabaki kwa jina la asiyekuwepo, mashemeji wanaanza kupima mipaka, na mtoto akiombewa basari ya mayatima anaulizwa uthibitisho. Sheria ya Ushahidi, katika kifungu cha 118A, inasema mtu ambaye hajasikika kwa miaka saba na wale ambao wangetarajiwa kumsikia huchukuliwa kuwa amefariki, isipokuwa mtu aonyeshe vinginevyo. Arusha ililalamika kwamba watu wamechelewa. Hapa sheria iliwaambia wamewahi, wasubiri hadi 2015.

Miaka hiyo saba imekwisha zamani. Ombi lenyewe si gumu kuandika, na wakili aliyeapishwa mwaka jana anaweza kulifanya. Huhitaji hati ya kiapo ya mtu wa karibu, barua ya chifu na, ikiwezekana, nambari ya ripoti iliyoandikwa katika kituo cha polisi wakati mtu alipotoweka. Mwanamke ambaye mwaka wa 2008 hakuthubutu kukaribia kituo cha polisi hana nambari hiyo, na wakili wake itambidi apande hadi Kopsiro au Cheptais, atafute jirani aliyeona gari likiondoka, amshawishi aseme, na aiandike siku.